Bibi Milimita na Darubini ya Mkandarasi

Watu wa klabu ya shabaha walimwita Bibi Milimita, na jina hilo halikumkera. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mfupi, mabega mapana, na mfuko wa aproni yake haukukosa rula ya chuma. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika duka la bunduki la shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kaunta: dirisha moja lenye nondo, meza ya mbao iliyofungiwa jiliwa la kubania vyuma, na harufu ya mafuta ya bunduki iliyokuwa imeshaingia hadi kwenye nywele zake. Humo ndimo alimofunga darubini juu ya bunduki, akachonga vitako na kusugua mitutu iliyokula kutu kwa uvivu wa wenyewe.

Mteja akiingia, shemeji alimtazama viatu. Bibi Milimita alimtazama mkono. Alimwambia akunje kiwiko, akapima kutoka kwenye mkunjo hadi kidole cha kufyatulia, kisha yakaanza maswali. Unawinda mnyama gani? Kwenye kichaka au uwandani? Au unataka ya mashindano? Unavaa miwani? Bega lako limewahi kuvunjika? Wengine walichoka wakaondoka. Waliovumilia hawakujuta.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, mwembamba kama uzi, aliyeshika mkia katika mashindano ya kulenga shabaha miaka mitatu mfululizo. Alikuja kununua darubini kali zaidi, maana alishaamini macho yake yamekwisha. Bibi Milimita alikataa kumuuzia. Alichukua msumeno, akapunguza kitako cha bunduki ya mwalimu kwa milimita kumi na nane, akakipiga msasa, akamrudishia.

"Macho yako hayana neno, mwalimu," alimwambia. "Ulikuwa unarefusha shingo kama kobe."

Mwaka ule mwalimu alishika nafasi ya pili, na kwa wiki nzima alikuwa akimsimulia habari hiyo kila aliyekaa naye benchi moja.

Ujuzi huo Bibi Milimita aliupata kwa baba yake, aliyekuwa askari wa wanyamapori na aliyewafundisha binti zake wawili kulenga kabla hawajajua kupika. Dada mkubwa aliacha mapema. Mdogo aliendelea, akachukua kikombe cha klabu mara nne kwa bunduki ndogo ya mashindano. Baba alikuwa mpole katika mengi, ila kwa jambo moja alikuwa mkali kama wembe: mnyama uliyemjeruhi unamfuata mpaka umpate, jua liwake, mvua inyeshe. Siku moja aliwatembeza wanawe tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri nyuma ya swala aliyepigwa na mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo tumbo la Bibi Milimita halikuwa jepesi. Damu hakuiogopa, wala utumbo, wala nzi. Kilichomtia kinyaa ni uzembe. Akiletewa bunduki ya bei mbaya iliyojaa mchanga, alikunja uso kama mtu aliyeshikishwa nepi chafu, akaibeba kwa vidole viwili hadi mezani.

Mkandarasi alifika dukani Jumamosi moja kabla ya adhuhuri na marafiki wawili. Alikuwa mtu wa kujenga mitaro na kuta za ofisi za umma, mnene, mcheshi, sauti kama spika. Mkono mmoja ulishika mfuko wa karanga za kukaanga, na chumvi ilimwagika kwenye kioo cha kaunta kila alipocheka. Alikuwa na kibali cha kuwinda kuro dume mmoja, kibali chake cha kwanza, na alitaka bunduki.

"Nataka ile kubwa," akasema, akinyoosha kidole.

Ilikuwa bunduki ya kupigia nyati na wanyama wakubwa kuliko nyati. Shemeji alishaanza kuitoa kabatini. Bibi Milimita akatoka chumbani kwake.

"Umeshawahi kupiga bunduki yenye teke, bwana?" akauliza.

"Mama, mimi kazi yangu kulipua miamba kwa baruti."

"Mwamba hauna miguu ya kukimbilia."

Marafiki wakaangua kicheko. Mkandarasi naye akacheka, lakini shingo ilimvimba kidogo. Bibi Milimita akampa bunduki ya wastani, nyepesi, yenye risasi inayomtosha kuro na kubaki, na juu yake darubini fupi ya kukuza mara mbili hadi mara saba. Mkandarasi aliipokea kama aliyepewa ufagio.

"Hii ya wanawake," akasema, akairudisha. Kisha akaona rafu ya juu darubini nene ndefu, ya kukuza mara tano hadi mara ishirini na tano. "Na hii ndiyo nitaweka juu ya ile kubwa."

"Hiyo ni ya kulengea karatasi mita mia sita, umelala kifudifudi, upepo umeshaupima," akamwambia. "Kuro anakaa karibu na maji, kwenye matete. Atakutokea hatua sitini. Ukimtazama na hiyo utaona manyoya matupu. Hutajua kama ni bega au tumbo."

"Nitamwona hadi kiroboto!"

Akaichukua darubini, akailengesha dirishani, akaona ukungu. Hapo akafanya jambo ambalo Bibi Milimita alilikumbuka kwa miezi: alilamba dole gumba lenye chumvi na mafuta ya karanga, akafuta nalo lenzi, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayefuta bakuli. Chumvi ilikwaruza kioo. Bibi Milimita, aliyesimama kando, aliisikia.

Akafungua mdomo. Shemeji akamkanyaga mguu chini ya kaunta.

"Shemeji," akamwambia kwa tabasamu la kibiashara, "funga ulichoambiwa."

Akafunga. Aliifanya kazi kama alivyofanya kila kazi: akasafisha lenzi kwa brashi laini, akakaza skrubu moja moja kwa kipimo, akahakikisha mistari ya kulengea haikuinama hata unywele. Uwanjani akaipatanisha darubini na mtutu kwa mkono wake mwenyewe. Risasi tano, mita mia moja, matundu yote yakafunikwa na kifuniko cha chupa ya soda. Bega lilimuuma siku mbili.

Kisha ikawa zamu ya Mkandarasi. Risasi ya kwanza ilimrudisha nyuma, na ukingo wa darubini ukampasua juu ya nyusi, maana alikuwa ameisogelea licha ya kuonyeshwa nafasi ya vidole vinne. Damu ikamchuruzika hadi puani. Tangu hapo alikuwa akifumba macho kabla ya kufyatua. Karatasi ilibaki nzima.

"Ukifika porini, pete hii iache kwenye namba ndogo," Bibi Milimita akamwambia, akiizungusha mbele yake. "Namba tano. Usiiguse."

"Sawa, mama," akajibu, huku akijipiga picha ya jeraha kwa simu.

Angeishia hapo, akanawa mikono. Lakini shemeji alikuwa amemwahidi Mkandarasi kwamba fundi atafuatana naye kwenye mawindo, kama nyongeza ya kununua. Bibi Milimita alikataa katakata. Jioni dada yake akaja nyumbani, akakaa jikoni na mkoba mapajani.

"Nenda, mdogo wangu. Siku mbili tu. Huyu mtu akifurahi, rafiki zake wote watakuja kwetu. Nifanyie mimi, si yeye."

Kwa dada yake hakuwa na ulimi mrefu. Akaenda.

Mwongoza wawindaji wa eneo lile alikuwa mwanamume mkondefu mwenye sauti iliyokauka, aliyevaa viatu vya turubai na kubeba bunduki kuukuu isiyo na darubini. Alizungumza kwa vidole zaidi ya mdomo. Asubuhi ya kwanza, jua likiwa halijakolea, aliwasimamisha kwa kiganja. Kando ya matete, kivulini, alisimama kuro dume, mzito, pembe zimepinda nyuma, akitafuna. Hatua sitini, si zaidi.

Mkandarasi akainua bunduki. Bibi Milimita, nyuma yake, akaitazama pete ya darubini. Ilikuwa kwenye ishirini na tano.

"Punguza," akanong'ona. "Punguza kwanza."

Mlio ukaziba masikio. Nyuma yake ikafuata sauti nyingine, nzito, kama ngumi inayotua kwenye godoro lililolowa. Kuro akakunja mgongo, miguu ikakusanyika chini yake, akajikokota akaingia ndani ya matete.

"Tumbo," mwongozaji akasema.

"Nimekosa," akasema Mkandarasi.

"Hukukosa, bwana. Tumpe muda alale, halafu tumfuate. Kibali chako ni cha mmoja, naye ndiye yule."

"Nimesema nimekosa! Mimi ndiye niliyepiga, au wewe?"

Marafiki wakaitikia kwamba amekosa, waliona vumbi. Wakasonga mbele. Haikupita nusu saa wakakuta dume mwingine amesimama mahali peupe, hatua arobaini, anawashangaa. Mkandarasi alipiga mara tatu. Ya tatu ilimwangusha.

Kilichofuata ndicho kilichomgeuza Bibi Milimita. Walimfuta kuro damu puani kwa majani ili picha ipendeze. Ulimi ulikuwa nje. Mmoja akausukuma ndani kwa kijiti, ukatoka, akausukuma tena. Mwingine akapachika sigara iliyowashwa kwenye pembe ya mdomo wa mnyama, wote wakacheka hadi machozi. Mkandarasi akamkalia mgongoni kama mtu aliyekalia kochi, akaweka bunduki mapajani, darubini ikielekea kwenye kamera.

"Mama, njoo uingie picha! Na wewe umo!"

Bibi Milimita aliwapita. Alimwendea mwongozaji, aliyekuwa amegeuza uso.

"Twende tukamtafute yule," akamwambia.

"Watanisemea vibaya kazini, dada."

"Wewe nionyeshe damu tu. Nitakwenda peke yangu."

Mwongozaji akatazama viatu vyake, kisha akatangulia.

Damu ilikuwa kidogo na nyeusi, imechanganyika na majani mabichi yaliyotafunwa. Kila mahali kuro alipolala kidogo palibaki harufu ya tumbo lililopasuka, nzito, ya kuoza kabla ya kufa. Walitembea muda wa saa tatu. Matete yaliwachana mikono, matope yakawafika magotini. Walimkuta chini ya kichaka, amelala kwa kifua, kichwa juu. Nzi walikuwa wamefunika ubavu wake mzima kama kitambaa cheusi kinachotikisika. Alikuwa hai. Aliwatazama, akajaribu kusimama kwa miguu ya mbele, akashindwa.

Bibi Milimita akanyoosha mkono, mwongozaji akampa bunduki yake kuukuu. Alipiga mara moja. Kisha akasogea pembeni akatapika, yeye ambaye tangu utoto hakuwahi kutapika mbele ya mnyama.

"Ni harufu," mwongozaji akasema kwa huruma.

"Si harufu," akajibu, akifuta mdomo kwa kiganja.

Kambini kulikuwa na fomu ya mawindo: mnyama, jinsia, umbali, saa, sahihi ya mwindaji, sahihi ya shahidi. Mkandarasi alikuwa ameshajaza kuro mmoja, risasi moja. Bahasha nene ya Mkandarasi ilikuwa chini ya fomu, upande wa mwongozaji, na mwongozaji hakuigusa wala hakuirudisha. Bibi Milimita akavuta kiti. Chini ya mstari wa Mkandarasi akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: kuro wa kwanza, dume, hatua sitini, tumboni, ametafutwa na kumalizwa baada ya saa tatu. Kuro wa pili, dume, hatua arobaini, risasi tatu. Akaweka sahihi.

"Mama, wewe ni mtu wa bisibisi," Mkandarasi akasema, mara hii bila kicheko. "Nani kakuuliza?"

"Fomu imeniuliza. Imeandikwa hapa: shahidi."

Mwongozaji alisoma maneno yale mara mbili. Kisha, polepole, akairudisha bahasha upande wa pili wa meza kwa ncha ya kalamu, kama anayesukuma mende, akaweka sahihi yake chini ya ile ya Bibi Milimita.

Jumatatu, alipofungua duka, alikuta picha ukutani. Ilikuwa kubwa kama mlango, ina fremu: Mkandarasi juu ya mgongo wa kuro wa pili. Sigara walikuwa wameifuta kwa kompyuta, ila moshi wake ulibaki, utepe mweupe ukipanda kutoka kwenye mdomo wa mnyama aliyekufa. Chini, kwa herufi nyekundu, jina la duka.

Mezani kwake palikuwa na barua iliyochapwa. Ilisema kwamba yeye, fundi, alifunga darubini vibaya, na kwamba kosa hilo ndilo lililosababisha mnyama kujeruhiwa. Palibaki nafasi ya sahihi. Mkandarasi alijua fomu itafika kwa watu wa wanyamapori, naye alihitaji kitu cha kuwaonyesha.

 Bibi Milimita alichukua ile bunduki, iliyorudishwa kusafishwa bado ina matope, akamwambia shemeji aingie garini. Uwanjani akatundika karatasi mita mia moja, akalala, akapiga tano. Wakatembea pamoja hadi kwenye karatasi. Shemeji alitazama matundu yale matano, yamebanana kama mbegu za papai.

"Umeona?" akamuuliza.

"Nimeona."

"Darubini haina kosa."

"Najua haina kosa. Nilijua tangu mwanzo." Shemeji akapangusa jasho. "Wewe saini tu, shemeji. Ni karatasi. Nani atakufunga kwa karatasi? Huyu mtu ameagiza bunduki nyingine tano."

Alimwangalia mtu huyu aliyekula naye sahani moja kwa miaka ishirini na miwili, aliyemshika mkono kwenye maziko ya baba, akahisi kinyaa kilekile alichokihisi pale kwenye matete. Laiti angekuwa mjinga aliyedanganywa, angemwonea huruma. Aliivua aproni, akamkunjia vizuri, akamwekea mkononi. Akarudi mjini kwa miguu, kilomita saba, kwa sababu hakuweza kukaa naye kwenye kiti kimoja cha gari.

Dada yake alimnunia miezi minne. Alimtumia ujumbe mmoja tu: "Umetuvua nguo mbele ya watu." Bibi Milimita aliusoma, akaufuta, akaendelea kuunganisha jiliwa lake kwenye chumba cha stoo cha klabu, walichompa baada ya mwalimu wa hesabu kuwaomba wanachama. Chumba kilivuja, na panya walikuwa wamekitangulia. Ila wateja walimfuata, mmoja mmoja.

Watu wa wanyamapori walimtoza Mkandarasi faini, akailipa kama anayelipia soda. Sharti la pili ndilo lililombana: hangepewa kibali kingine mpaka afaulu jaribio la kulenga, risasi tano ndani ya sahani, mita mia moja, mbele ya msimamizi wa klabu. Msimamizi, tangu alipohamia klabuni, alikuwa Bibi Milimita.

Mkandarasi alikuja peke yake, bila marafiki. Alipiga tano, sahani ikabaki safi. Akatazama kushoto na kulia kuona kama kuna aliyeona.

"Nifundishe," akasema.

 Bibi Milimita alitamani kumwambia aende zake. Alijua pia kwamba akimfukuza atapata mtu wa kumwandikia amefaulu, na msimu ujao atakuwa tena mbele ya matete.

"Utaanza na bunduki ndogo ya watoto," akamwambia. "Bila darubini. Kila Jumamosi, miezi sita. Karanga uache nyumbani."

Alidhani hatarudi. Alirudi. Alikuja Jumamosi baada ya Jumamosi, akalala kifudifudi kwenye mkeka na kitambi chake, akihema. Hakuwa mwanafunzi mzuri. Mara mbili alileta zawadi, mara mbili ilikaa mezani mpaka akaibeba mwenyewe. Alijaribu mzaha, ukadondoka chini. Bibi Milimita alimsahihisha kiwiko kwa ncha ya rula, asimguse kwa kidole. Hakumsamehe, wala Mkandarasi hakuwahi kuomba msamaha. Kuhusu kuro wa kwanza hakutamka neno hadi mwisho.

Mwezi wa tano tangu aiache aproni, dada yake alipita klabuni. Alisema alikuwa na safari upande ule, ingawa upande ule hauna kitu kingine. Alisimama mlangoni mwa stoo, akamwona Mkandarasi amelala mkekani, akamwona mdogo wake amesimama juu yake na uso uliokunjamana.

"Picha bado iko dukani," dada akasema kwa sauti ya chini. "Nimemwambia mume wangu aitoe. Hataki. Mimi siku hizi naingilia mlango wa nyuma."

"Karibu ukae."

Dada akakaa juu ya boksi la karatasi za shabaha. Akatazama mgongo mpana wa yule mtu, ukitota jasho.

"Unawezaje kukaa naye kila wiki?"

"Siwezi," Bibi Milimita akajibu. "Nakaa tu."

Kisha akainama, akaokota maganda ya risasi yaliyotawanyika kando ya mkeka, akamwambia Mkandarasi apige tano nyingine.